Nikiwa Kilwa, niukate vipi mtandao wa biashara wa Ureno? (Europa Universalis IV)

NahodhaKivinje aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Tuko wachezaji sita tunaocheza Europa Universalis IV, mchezo wa kompyuta ambamo kila mtu hushika nchi moja, kwa mtandao kila mwisho wa juma. Mimi nimeshika Kilwa, na mwenzetu mmoja mwenye uzoefu mkubwa ameshika Ureno. Mchezo huanza Novemba 1444, na sisi sasa tumefika mwaka 1531. Ureno amekwisha kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kujenga koloni huko, na katika vita tulivyopigana alininyang'anya Sofala pamoja na pwani inayopakana nayo. Mombasa aliichukua mapema zaidi, kabla sijapata nafasi ya kuifikia. Majimbo hayo yote ameyaweka chini ya kampuni yake ya biashara.

Nchi kavu simwogopi, kwa sababu askari wake hulazimika kusafirishwa kutoka mbali na huwasili wachache wachache. Kinachonikosesha raha ni ramani ya biashara. Kila nikiifungua naona mshale unaotoka kanda ya Zanzibar kwenda Rasi ukizidi kunenepa, mapato yangu yakishuka, na yeye akizitumia fedha hizo hizo kuunda meli nzito ambazo siwezi kupambana nazo baharini. Ni wazi kwamba nikimwacha aendelee hivi hadi mwaka 1600, hapatakuwa na Kilwa tena.

Nimefikiria njia tatu: kutuma meli nyepesi zifanye uharamia, kumwekea vikwazo vya biashara, au kusubiri muda wa kusitisha mapigano uishe ili nikairudishe Sofala kwa vita. Sina uwezo wa kuzifanya zote kwa pamoja. Ningependa kusikia kutoka kwa waliowahi kukabiliana na hali kama hii ni ipi inayoumiza zaidi, na kwa nini.

KusiNaKaskazi alijibu:

Nahodha, kabla ya kuchagua njia, naomba tuliweke sawa jambo moja, kwa sababu wengi huanzia pasipofaa. Katika mchezo huu mali haisafiri kwa misafara ambayo unaweza kuivizia njiani na kuiteka. Mali ni thamani inayotiririka kutoka kanda moja ya biashara kwenda nyingine, kwa upande mmoja tu bila kurudi nyuma, hadi inapoishia katika kanda tatu za mwisho, yaani Venice, Genoa na English Channel. Kinachoamua nani anapata nini ni nguvu ya biashara ambayo kila nchi inayo ndani ya kila kanda. Kwa hiyo kuukata mtandao wa mtu ni kuipunguza sehemu yake ya nguvu mahali ambapo mali inaamua kama itabaki au itaondoka, na ikiondoka, itashika njia ipi.

Kwako wewe mahali hapo ni kanda ya Zanzibar yenyewe. Tuchukue hesabu nyepesi. Tuseme kanda ina thamani ya dukati 20 (dukati ndiyo fedha ya mchezo) kwa mwezi. Bandari yako kuu ya biashara iko humo, kwa hiyo wewe unakusanya papo hapo, ilhali Ureno, ambaye bandari yake kuu ni Lisbon katika kanda ya Sevilla, anaivuta mali isonge mbele. Ikiwa wewe una nguvu 40 na yeye ana 60, unabaki na dukati 8 na nyingine 12 zinaondoka. Ukiiongeza nguvu yako ikafika 60, bila yeye kupungukiwa na chochote, mnagawana 10 kwa 10. Hujafyatua mzinga hata mmoja, na tayari umemnyima dukati 2 zikiwa bado mwanzoni mwa safari. Na hizo haziishii kuwa 2, kwa kuwa mfanyabiashara wa kwanza (yaani wakala ambaye nchi humtuma kwenye kanda) anayeisukuma mali mbele huiongezea thamani kwa asilimia 5 katika kanda husika, na Ureno bila shaka ana wafanyabiashara zaidi ya mmoja kwenye njia yote ya kuelekea kwake. Unachokizuia Zanzibar kinakosekana Rasi, kinakosekana Pwani ya Pembe (Ivory Coast, huko Afrika Magharibi), na kinakosekana Sevilla.

Nguvu hiyo utaipata wapi? Kwanza katika majimbo yako yenye vituo vya biashara. Kituo cha ngazi ya kwanza hutoa nguvu 5, cha pili 10, na cha tatu 25. Kupanda hadi ngazi ya pili kunagharimu dukati 200, na hadi ya tatu dukati 1000, mradi jimbo lenyewe liwe limeendelezwa vya kutosha. Pili, meli nyepesi zikipewa kazi ya kulinda biashara katika kanda yako huongeza nguvu moja kwa moja. Hapo ndipo ningeziweka meli zako zote.

Vikwazo vya biashara nisingeviharakia. Ni kweli hupunguza nguvu ya unayemwekea, lakini kama Ureno hayumo katika orodha ya mahasimu wako uliowatangaza rasmi, wewe mwenyewe unatozwa adhabu katika ufanisi wa biashara yako. Kwa nchi ndogo kama Kilwa adhabu hiyo inauma kuliko manufaa yanayopatikana. Uharamia nisingeugusa kabisa. Maharamia huichukua sehemu yao kutoka kwa kila mwenye nguvu katika kanda, na katika kanda ya Zanzibar mwenye nguvu baada ya Ureno ni wewe.

MzeeWaJahazi alijibu:

Nakubaliana na hesabu za KusiNaKaskazi, ila katika suala la uharamia naona ametazama mahali pasipohusika. Hakuna anayesema meli ziwekwe Zanzibar. Ziwekwe Rasi, ambako Nahodha hana nguvu ya biashara ya kupoteza na ambako kila dukati ya Ureno kutoka Bahari ya Hindi lazima ipite. Kama mwenyeji wa mchezo wenu ana nyongeza ya Wealth of Nations iliyotoka mwaka 2014, kazi ya uharamia ipo miongoni mwa kazi za meli nyepesi, na Rasi inapakana na kanda yako, hivyo umbali hauwezi kuwa kikwazo.

Faida yake isipimwe kwa dukati zilizochukuliwa peke yake. Ureno akiona sehemu ya Rasi inaliwa, lazima apeleke meli kuwasaka maharamia, na meli zinazosaka maharamia Rasi hazipo Sofala wala Mombasa. Historia ya pwani yetu wenyewe inalionyesha jambo hilo vizuri. Katika miaka ya 1580 nahodha wa Kiosmani aitwaye Ali Bey alikuja mara mbili kwenye pwani ya Waswahili akiwa na meli chache, na miji kadhaa ikamuunga mkono dhidi ya Wareno. Alikamatwa Mombasa mwaka 1589, kwa hiyo kivita alishindwa. Lakini ili kummaliza, Wareno walilazimika kuleta kundi zima la meli za kivita kutoka Goa, na miaka minne baadaye, mwaka 1593, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa. Meli chache ziliwafanya watumie mali na watu ambao wangewatumia kwingine. Katika mchezo ulio na binadamu mwenzako upande wa pili, kumlazimisha abadili mpango wake ni ushindi unaohesabika.

Kuhusu Sofala ninalo la kusema zaidi, maana naona Nahodha ameiweka moyoni. Wareno walipojenga ngome Sofala mwaka 1505 walidhani wamelishika lango la dhahabu ya bara. Walishika jengo. Wafanyabiashara wa Kiswahili waliihamishia dhahabu kwenye njia za kaskazini, kupitia bonde la Zambezi na bandari ya Angoche, na ngome ya Sofala ikabaki ikipokea dhahabu kidogo sana kuliko ile iliyotarajiwa. Hali kadhalika, gavana wa Wareno, Afonso de Albuquerque, aliichukua Goa mwaka 1510, Malaka mwaka 1511 na Hormuz mwaka 1515, lakini Aden iliyoshambuliwa mwaka 1513 ilimshinda. Kwa sababu mlango ule wa Bahari ya Shamu ulibaki wazi, viungo viliendelea kufika Misri, na baadaye katika karne hiyo hiyo Venice ilikuwa inauza viungo kwa wingi tena. Mtandao wenye njia mbili haufi kwa kuzibwa moja.

Sasa geuza maneno hayo yamhusu Ureno wa mchezo wenu, uone udhaifu wake: yeye ana njia moja tu. Kila anachokivuta kutoka huku hupita Rasi. Wewe unayo ya kaskazini.

BintiLamu alijibu:

Hamjambo. Naona hesabu na historia vyote vimeelezwa vizuri, lakini hakuna aliyewagusa wachezaji wengine wanne walio mezani, na kwa maoni yangu wao ndio silaha kubwa kuliko zote zilizotajwa.

Kutoka kanda ya Zanzibar mali ina njia ya kusini kwenda Rasi na njia ya kaskazini kwenda Ghuba ya Aden. Ile inayoondoka hugawanywa kulingana na nguvu za wale wanaoielekeza huku na kule. Kama Ureno ndiye peke yake anayeelekeza, yote inakwenda kusini. Sasa, yeyote aliyeshika Waosmani anafaidika na kila dukati inayopanda kwenda Ghuba ya Aden na kutoka huko kufika Aleksandria. Mwombe aweke mfanyabiashara wake mmoja katika kanda ya Zanzibar na aelekeze kaskazini. Kama ana nguvu kidogo tu hapo, mshale wa kusini utapungua mara moja, na Ureno hawezi kumzuia ila kwa kupigana na Waosmani.

Lipo pia jambo la mbali zaidi ambalo wengi hawalioni. Mali ikifika Pwani ya Pembe inakuta njia panda nyingine, kwani kutoka hapo inaweza kwenda Sevilla au English Channel. Mchezaji wa Uingereza akiweka mfanyabiashara hapo, atakuwa anaipokonya Ureno sehemu ya mali ile ile iliyotoka kwako. Wewe hupati kitu katika hilo, lakini lengo lako ulilotueleza ni kuzuia meli nzito zisiundwe, na fedha zikiingia London haziundi meli za Lisbon.

Tahadhari yangu ni moja. Usimwalike Mwosmani kwa kumpa jimbo. Akipata jimbo lenye kituo cha biashara pwani, baada ya miaka hamsini utakuwa unaandika swali hili hili ukiwa umebadilisha jina la adui. Mpe haki ya kuegesha meli zake au ahadi ya kuingia vitani, vitu ambavyo unaweza kuviondoa.

NahodhaKivinje aliandika:

Ahsanteni sana. Nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia, na maelezo ya Sofala na Angoche yamenifanya niitazame ramani kwa jicho jingine.

Naomba niongeze takwimu ili ushauri uwe wa karibu zaidi. Nikipitisha kishale juu ya kanda ya Zanzibar, naona jumla ya nguvu ni karibu 100, na majimbo ya kampuni ya biashara ya Ureno yanashika 54. Nina dukati 600 hazinani. Vituo vyangu viwili vya biashara bado viko ngazi ya kwanza. Muda wa kusitisha mapigano utaisha mwaka 1536, na kuuvunja kabla ya hapo kutauporomosha uthabiti wa nchi yangu, jambo ambalo sitalifanya. Mchezaji wa Waosmani nimemwandikia, na amekubali kuleta mfanyabiashara kwa sharti kwamba nisiguse Aden. Sharti hilo nimelikubali kwa sababu sikuwa na nia hiyo.

Je, dukati hizi 600 nizitumie sasa, au nizihifadhi kwa ajili ya vita vya mwaka 1536?

KusiNaKaskazi alijibu:

Hiyo 54 ndiyo habari kubwa kuliko zote ulizotupa, na ningependa uiangalie kwa makini.

Kampuni ya biashara inaposhika zaidi ya nusu ya nguvu ya kanda, mwenye nayo hupewa mfanyabiashara mmoja wa ziada. Kila nchi huanza na wafanyabiashara wawili tu, na wengine hupatikana kwa taratibu. Ureno anahitaji mmoja Zanzibar, mmoja Rasi na mmoja Pwani ya Pembe ili mnyororo wake ufanye kazi bila pengo, bado hatujataja India wala Brazil. Kuna uwezekano mkubwa kwamba huyu wa ziada, anayetokana na majimbo aliyokupokonya wewe, ndiye anayelikamilisha pengo hilo. Ukimshusha chini ya nusu, mfanyabiashara huyo anaondoka, na Ureno analazimika kuchagua ni wapi pakose mtu. Nguvu yake itaendelea kuivuta mali mbele hata pasipo mfanyabiashara, lakini mahali penye njia panda hatakuwa na sauti kuhusu upande inakoelekea. Akimwondoa wa Zanzibar, Mwosmani wako anaelekeza atakavyo. Akimwondoa wa Pwani ya Pembe, Mwingereza anafurahi.

Sasa tazama hesabu. Yeye ana 54 kati ya 100. Vituo vyako viwili vikipanda kutoka ngazi ya kwanza hadi ya pili, unaongeza 5 na 5, na jumla ya kanda inakuwa 110. Hamsini na nne kati ya mia na kumi ni asilimia 49. Gharama yake ni dukati 400. Fanya hivyo leo, usingoje vita, kwa kuwa kila mwezi unaopita kabla ya mwaka 1536 ni mwezi ambao anakusanya fedha za kukupiga nazo. Zile 200 zinazobaki ziunde meli nyepesi na uzipe kazi ya kulinda biashara hapo hapo nyumbani. Hata hivyo, egemeo lako liwe nguvu inayotoka majimboni, kwa kuwa meli huzama na hurudi bandarini kutengenezwa, lakini kituo cha biashara hakiondoki.

Bila shaka ataiona nafasi hiyo na kujibu. Anaweza kupandisha kituo chake mwenyewe, na ikiwa kiko ngazi ya pili, itamlazimu kutoa dukati 1000. Hilo nalo ni zuri kwako, kwa kuwa fedha hizo hazitakwenda kwenye meli nzito.

Kuhusu uharamia wa Rasi, hoja ya MzeeWaJahazi ina uzito, na kwa masharti aliyoyataja siupingi. Ningeupa nafasi baada ya hazina yako kupata nafuu.

MzeeWaJahazi alijibu:

Nami nakubali utaratibu huo, vituo kwanza, halafu uharamia. Nabaki na neno moja kuhusu vita vya mwaka 1536, maana vikija bila mpango wa amani utakuwa umepigana bure.

Utakapokaa mezani kudai, usitake Sofala kwanza. Chagua jimbo ambalo kwenye ramani ya biashara linampa Ureno nguvu nyingi zaidi kuliko mengine. Jimbo likitoka kwenye kampuni yake na kuingia kwako, linampunguzia yeye na kukuongezea wewe kwa wakati mmoja, na hapo kurudi juu ya nusu kutamwia vigumu mno. Kwa hali uliyoeleza nadhani Mombasa itakuwa na thamani hiyo kuliko Sofala, lakini hakikisha kwa kutazama takwimu za kila jimbo kabla hujatangaza vita.

Iwapo alama za vita, yaani zile za ushindi unazolipia madai ya amani, hazitatosha kuchukua jimbo lenye ulinzi mkubwa, lipo dai la kuhamishiwa nguvu ya biashara, ambalo humlazimisha aliyeshindwa kukupa nusu ya nguvu yake. Kwa nchi inayoishi kwa biashara kama Ureno wa mwenzenu, dai hilo ni zito kuliko linavyoonekana kwenye orodha. Fidia ya vita pia inafaa kuongezwa panapobaki nafasi, kwa kuwa inamkata asilimia 10 ya mapato yake kwa miaka 10, na angalau sehemu ya miaka hiyo itaangukia ndani ya muda ambao yeye hawezi kukushambulia bila kuuvunja mkataba.

Siku utakayotangaza vita, meli nyepesi zote ziwe zimekwisha kurudi bandarini tangu mwezi uliotangulia. Zikikutwa baharini zikilinda biashara, meli zake nzito zitazimaliza moja baada ya nyingine, na utaanza vita ukiwa umepoteza nguvu ile ile uliyoinunua kwa dukati zako 200.

NahodhaKivinje aliandika:

Nimeelewa. Vituo viwili nitavipandisha mara tu mchezo utakapofunguliwa Jumamosi, na Mwosmani amethibitisha kwamba mfanyabiashara wake ataondoka siku hiyo hiyo. Kwa Mwingereza bado sijaandika. BintiLamu, kama una ushauri wa namna ya kumshawishi bila Ureno kupata fununu, nitashukuru, kwa sababu hao wawili ni washirika tangu mwanzo wa mchezo.

BintiLamu alijibu:

Kama ni washirika, usimwambie habari ya Ureno hata kidogo. Mwonyeshe thamani inayopita Pwani ya Pembe kwa mwezi, kisha mwulize kwa nini English Channel haipati sehemu yake. Kumwekea mfanyabiashara mshirika wako katika kanda moja hakuvunji ushirika wowote katika mchezo huu, na mchezaji makini atalifanya kwa faida yake mwenyewe, bila wewe kumwomba mara ya pili.